Kushoto Kuna Lupanga

Desemba iliyopita dada yangu akaaye Morogoro alinipigia simu akaniarifu kwamba mwanawe ameanguka na ndege mara kumi na moja tangu Jumatatu. Siku hiyo ilikuwa Alhamisi. Aliyasema hayo kwa sauti ya mtu aliyechoka, si ya mtu aliyefikwa na msiba, nami nikatambua mara moja kwamba shauri lilikuwa lile lile la kompyuta.

Ndugu msomaji, kijana huyo alikuwa amemaliza mtihani wa kidato cha nne mwezi uliotangulia, na kama ilivyo ada ya vijana wanaongojea matokeo, alikuwa na wakati mwingi na kazi chache. Kompyuta yenyewe ni kuukuu, ilinunuliwa kwa mtu aliyekuwa akihama mji. Ndani yake kijana alikuwa ameingiza programu ya kuigiza urubani iitwayo FlightGear, ambayo hutolewa bure kwa yeyote aitakaye. Dada aliona umeme wa Luku unakwisha kabla ya wakati wake, aliona macho ya mtoto yamekuwa mekundu, akataka kompyuta iuzwe. Sisi Waluguru huhesabu ukoo kwa upande wa mama, kwa hiyo mjomba haitwi kuja kusalimia tu; huitwa kuja kukata shauri. Jumamosi asubuhi nikapanda treni.

Nilikwenda nikiwa nimekwisha kupanga maneno ya kukemea. Sikupata nafasi ya kuyasema.

Chumba cha kijana kina dirisha linalotazama kusini, lakini asubuhi ile Lupanga haikuonekana. Wenyeji wa Morogoro wanaijua hali hiyo. Pepo zitokazo Bahari ya Hindi huja na unyevu, hupanda mbavu za Uluguru, hupoa, zikawa mawingu, na mawingu hukaa kileleni kama kilemba tangu alfajiri mpaka jua lipate nguvu. Mvua itokayo humo ndiyo inayoulisha mto Ruvu, na Ruvu ndio unaowanywesha watu wa Dar es Salaam, kwa hiyo raia wa kawaida hana ugomvi na wingu lile. Rubani anao.

Kijana alikuwa ameruka kutoka Dar es Salaam katika ndege ndogo ya injini mbili. Alikuwa juu ya mawingu, akielekea magharibi. Kwa njia ya angani safari hiyo ni kilomita 170 hivi. Kioo chake kilipomwonyesha kwamba yuko juu ya mji, akaniambia, "Sasa natua, mjomba." Chini palikuwa peupe tupu, kama pamba iliyotandazwa uani. Akapunguza nguvu ya injini akakata kushoto, kwa kuwa alikuwa amesoma kwamba mzunguko wa kawaida wa kutua huenda kwa mkono wa kushoto, maana rubani mkuu huketi upande huo na kuuona uwanja vizuri. Akashuka hadi futi 6,000. Akashuka hadi 5,000. Kioo kikawa cha kijivu, kisha cha kijani, kisha kila kitu kikasimama.

"Lupanga," akasema, bila hata kushangaa. "Mara ya kumi na mbili."

Jambo lililonikalisha kwenye kigoda ni hili. Mlima ule kijana ameuona kila siku ya maisha yake. Amekwea hadi Morningside pamoja na wenzake wa shule. Ukimwamsha usiku wa manane ukamwuliza Lupanga iko wapi, atanyoosha kidole kabla hajafumbua macho. Hata hivyo ameugonga mara kumi na mbili, na kila mara, mpaka nukta ya mwisho, aliamini kwamba yuko juu ya Kihonda.

Hesabu yake si ngumu. Ndege iendayo maili za baharini 150 kwa saa hupita kilomita nne na nusu kila dakika. Mji wa Morogoro uko mita 500 hivi juu ya usawa wa bahari. Kilele cha Lupanga, kinachouchungulia mji huo, kina mita 2,138, yaani futi 7,000 na kidogo. Anayetoka Dar es Salaam ameelekeza uso magharibi. Akikata kushoto ameelekea kusini. Ndani ya dakika mbili hivi atakuwa mlimani, na kama yuko futi 5,000 basi mlima umemzidi kimo kwa futi 2,000.

Nikamwuliza, "Njia hii ya kutua ni nani aliyekuonyesha?"

"Nimeitunga mwenyewe, mjomba. Nilitafuta karatasi ya Morogoro kwenye programu, haipo."

Sikuwa na jibu la kumpa papo hapo. Mimi ni mwandishi wa habari, si rubani. Lakini ninaye rafiki anayeendesha ndege za abiria, nami nilimpigia simu mchana ule, na siku zilizofuata nikasoma nilichoweza kukisoma. Ninayoyaandika hapa ni yale niliyoyaelewa, na nimeyaandika kwa sababu wasomaji wengi wa ukurasa huu siku hizi hupanda ndege kwenda Mwanza, Mbeya au Bukoba, na ni wachache wanaojua nini kinaamuliwa kule mbele wakati wao wanafunga mikanda.

Karatasi aliyoitafuta kijana ni mchoro wa njia ya kutua kwa vyombo. Kila uwanja wenye njia hiyo una mchoro wake, na mara nyingi michoro kadhaa kwa uwanja mmoja. Mtu asiyejua huudhani kuwa ramani ya kumwonyesha rubani pa kupita. Ukweli ni kwamba una maana nzito zaidi. Wapimaji wamekwenda wakapima kila kilima, kila mnara, kila mti mrefu ulio kwenye njia, kisha wakaandika: ukifuata mstari huu, mpaka hapa waweza kushuka hadi kimo hiki bila kuona kitu, nawe hutagonga; na ukifika mwisho wa mstari hujaona uwanja, paa, uelekee kule. Kwa hiyo kila namba iliyoko pale ni dhamana. Aliyejitungia njia yake mwenyewe hana dhamana ya mtu yeyote, hata kama kioo chake kinamwonyesha mahali alipo kwa usahihi wa mita chache. Kujua uko wapi ni jambo moja, kujua waweza kushuka kiasi gani mahali hapo ni jambo jingine, na setilaiti hulijibu lile la kwanza tu.

Pembeni mwa mchoro huandikwa vimo vya usalama. Kanuni ya kimataifa hutaka kimo hicho kiwe angalau mita 300 juu ya kizuizi kirefu kuliko vyote katika eneo la kilomita 46 kutoka kituo, na penye milima nyongeza hiyo hufikishwa hata mita 600. Tukakaa mimi na kijana tukaipiga hesabu ya Uluguru kwa penseli. Kimhandu, kilele kirefu kuliko vyote katika safu hiyo, hupita kidogo mita 2,600, nayo ni futi 8,500 na zaidi. Ongeza 2,000. Ukiwa katika wingu jirani na safu ile, na huna mchoro, basi chini ya futi 10,500 huna ruhusa ya kuwapo. Kijana alikuwa futi 5,000. Akaitazama ile karatasi kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia.

Kiwanja kidogo cha mji wetu ni cha kutua kwa macho. Hakuna ubaya wowote katika jambo hilo. Viwanja vingi vya Tanzania viko hivyo, na marubani wa ndege ndogo hutua humo kila siku. Siku ya jua kali, Lupanga ikiwa wazi na Mindu ikionekana upande wa pili, na kile kilima cha kaskazini ambacho wahenga wetu walikwisha kukiita Nguru ya Ndege kabla hata ndege za chuma hazijabuniwa, kutua ni kazi ya macho mawili na akili timamu. Siku ya wingu, hakuna njia. Si kwamba ipo ngumu, haipo.

Hapa dada aliingia na chai, akasikia neno la mwisho, akasema, "Basi azime." Nikamwomba akae kidogo, kwa sababu nilikuwa na habari ya kumpa kuhusu kile anachokiita mchezo.

Tarehe 24 Septemba 1929, katika uwanja wa Mitchel karibu na jiji la New York, rubani wa Kimarekani aitwaye Jimmy Doolittle aliruka, akazunguka na kutua akiwa amefunikwa kabisa, haoni nje hata kidogo, akitazama vyombo tu. Rubani mwingine alikaa kiti cha mbele tayari kuokoa mambo, asihitajike. Kabla ya siku hiyo marubani waliamini kwamba mtu hodari huihisi ndege kwa mwili wake. Mwili ni mwongo. Majimaji yaliyomo ndani ya sikio, ambayo hutuambia tumesimama au tumeinama, huzoea mzunguko baada ya muda mfupi na kunyamaza. Rubani aliye ndani ya wingu huweza kuwa anazunguka kuelekea chini huku mwili wake ukimhakikishia kwamba anakwenda sawasawa. Vyombo vilikuja kumsahihisha mwanadamu mahali ambapo hawezi kujisahihisha.

Mwaka ule ule wa 1929 Edwin Link, ambaye baba yake alikuwa na kiwanda cha vinanda, alichukua mifuko ya upepo ya vinanda hivyo akatengeneza ndege ndogo isiyoruka, inayoinama na kugeuka juu ya kitako chake. Watu waliiona kuwa kitu cha kuchezea, ikawekwa kwenye viwanja vya starehe kwa kulipiwa senti. Ilipofika 1934, jeshi la Marekani lilipewa kazi ya kusafirisha barua kwa ndege wakati wa baridi na ukungu, marubani wakaanguka mmoja baada ya mwingine ndani ya majuma machache. Ndipo jeshi likanunua mashine za Link. Tangu hapo simuleta ni shule. Leo hii rubani wa ndege ya abiria hurudi katika simuleta kila baada ya miezi kadhaa, akapewa ukungu, injini iliyozimika na upepo mbaya, na mwalimu nyuma yake ana kalamu.

Dada akauliza kama kompyuta ya mwanawe nayo ina mwalimu na kalamu. Swali hilo lilikuwa na haki yake.

Turudi kwenye kutua. Rafiki yangu rubani alinieleza kwamba anayekaribia uwanja mkubwa kwa kawaida huwa na njia zaidi ya moja mbele yake, na uchaguzi hufanywa mapema, bado yuko juu na ana nafasi ya kufikiri. Njia inayosifiwa zaidi ni ya mtambo wa ILS. Mtambo huo hurusha mihimili miwili ya redio: mmoja humwambia rubani yuko kushoto au kulia kwa mstari wa katikati wa njia ya kutulia, wa pili humwambia yuko juu au chini ya mteremko ulio sawa. Mteremko huo huwa wa nyuzi tatu, maana yake kila kilomita moja ya mbele unashuka mita 52. Ni kama kushuka ngazi gizani huku umeshika vyuma vya pande zote mbili. Kwa sababu hiyo ILS ya daraja la kawaida humruhusu rubani kushuka hadi mita 60, yaani futi 200, juu ya ardhi kabla ya kulazimika kuona taa za uwanja.

Mnara wa VOR ni kitu kingine. Huo humwambia rubani yuko upande gani wa mnara, basi. Habari ya kimo hana. Ni kama mtu anayekuita gizani kutoka kibarazani kwake: sauti yaijua inatoka wapi, lakini kama katikati kuna shimo, hasemi. Kwa hiyo rubani hushuka kwa hatua zilizoandikwa kwenye mchoro, hapa usipungue kimo hiki, ukipita pale usipungue kile, na kimo cha mwisho huwa juu zaidi ya kile cha ILS, kwa futi mia kadhaa, na penye milima zaidi ya hapo. Kijana alikuwa anaidharau njia hii kwa kuiona ya kizee. Nilimwambia kwamba daladala ya kizee inayokufikisha si ya kudharauliwa.

Kisha zipo njia za setilaiti, zinazoandikwa RNP. Faida yake kwa nchi kama yetu ni kubwa, maana uwanja hauhitaji mtambo wa gharama kujengwa ardhini. Kinachohitajika ni vipimo, mchoro, na ndege yenye vifaa. Katika nyingine mteremko hukokotolewa na ndege yenyewe kwa kupima mkandamizo wa hewa, na hapo rafiki yangu alinionya juu ya jambo moja ambalo sikulitegemea. Chombo cha kupimia kimo hakijui ardhi iko wapi. Hujua mkandamizo wa hewa tu, na rubani hukirekebisha kwa namba anayopewa na mnara. Akikosea namba hiyo kwa kipimo kimoja, kimo hupotoka kwa mita nane hivi. Akikosea kwa kumi, mteremko mzima umehama kwa mita 80, na hakuna mshale utakaoyumba kumwonya, kwa sababu kwa maoni ya ndege kila kitu kiko sawa. Wapo pia wenye njia za LPV, ambazo hutegemea setilaiti za kusahihisha kama zile zinazohudumia Marekani na Ulaya. Kijana alikuwa amezisoma akazitamani, lakini hazikuhusu safari yake.

Na upepo nao una kura yake. Ndege hupenda kutua ikiuelekea upepo. Uwanja wa Julius Nyerere pale Dar es Salaam una njia kuu ya mita 3,000 iitwayo 05 kwa anayeielekea kaskazini-mashariki, na 23 kwa anayetoka upande wa pili. ILS iko kwa anayetua 05. Kaskazi ikivuma, mambo yamenyooka: upepo uko puani na mihimili iko puani. Kusi ikivuma, upepo huo huo humpiga rubani ubavuni, na pengine humsukuma kwa nyuma, na ndege inayosukumwa kwa nyuma hugusa ardhi kwa kasi zaidi na kuchelewa kusimama. Sasa achague: njia yenye mtambo bora na upepo usiofaa, au upande wa upepo mzuri wenye dhamana ya kimo cha juu zaidi? Hakuna jibu moja la siku zote. Nilifurahi kuona kijana amelifikiria swali hilo peke yake kabla sijamtajia.

Wasomaji watasema: kwa nini wasitumie macho tu kila wanapoweza? Macho nayo yana hesabu zake. Tarehe 18 Desemba 2013 ndege ya Ethiopian Airlines aina ya Boeing 767, iliyokuwa ikienda Uwanja wa Kilimanjaro, ilitua Arusha mchana kweupe. Kule Kilimanjaro ndege ndogo ilikuwa imeharibika na kuziba njia, mipango ikabadilika, na marubani walipoona uwanja mbele yao wakatua. Viwanja hivyo viwili vimepishana kilomita 50 hivi, na njia ya Arusha haifikii nusu ya ile ya Kilimanjaro yenye mita 3,600. Hakuna aliyeumia, na watu wakacheka. Mimi nilicheka pia. Lakini mtu huona kile anachokitarajia, na ndiyo maana rubani mwangalifu huviacha vyombo vyake vikiwa vimewekwa sawa hata siku ya jua, ili vimwulize: una hakika?

Pasipokuwa na kicheko ni kule milimani. Tarehe 5 Juni 2018 ndege ndogo ya Cessna Caravan iliyotoka Kitale kwenda Nairobi iligonga milima ya Aberdare, na wote 10 waliokuwamo walifariki. Aberdare ni maarufu kwa mawingu kama Uluguru ilivyo, na kila rubani wa Kenya anajua ilipo, kama mpwa wangu anavyojua ilipo Lupanga.

Na ipo Bukoba. Asubuhi ya Jumapili, 6 Novemba 2022, ndege ya Precision Air aina ya ATR 42 iliyotoka Dar es Salaam ilianguka katika Ziwa Victoria ikikaribia kutua katika hali mbaya ya hewa. Walikuwamo watu 43. Wavuvi walipiga makasia kwenda kuokoa, na kijana Majaliwa Jackson akajulikana nchi nzima kwa kazi aliyoifanya siku hiyo. Walionusurika ni 24. Waliofariki ni 19, na marubani wote wawili walikuwa miongoni mwao. Uwanja wa Bukoba uko ufukweni, na wakati huo haukuwa na ILS. Si kazi ya safu hii kuhukumu watu ambao hawawezi kujibu. Ninachosema ni kwamba baada ya siku ile sikuweza tena kulichukulia kama jambo la kitaalamu tu lile swali la uwanja gani una njia gani. Yule aliyekuwa akimngojea ndugu yake Bukoba asubuhi ile alikuwa anangojea mwisho wa mchoro, au pahali pasipo na mchoro, bila kujua.

Ipo njia moja ambayo sijaitaja, na rafiki yangu alisema ndiyo anayoitayarisha kwanza kabla ya nyingine zote. Ni ile ya kutotua. Imeandikwa chini ya kila mchoro: ukifika kimo cha uamuzi hujaona, ongeza nguvu, paa, nenda mahali fulani kwa kimo fulani. Hiyo si aibu wala si kushindwa. Ni sehemu ya njia yenyewe, imepimwa na wapimaji wale wale. Kabla ya kuondoka ardhini rubani amekwisha kuwekewa mafuta ya kumfikisha uwanja mwingine. Lakini sisi abiria hatumsaidii. Ndege ikikaribia kugusa ardhi kisha ikanguruma na kupaa, tunapiga yowe, tunalalamika kuwa tutachelewa arusi, na wengine humtolea rubani maneno ya ajabu wakati wa kushuka. Mimi mwenyewe niliwahi kununa saa nzima kwa ajili ya jambo hilo. Leo ningemtafuta nimshukuru.

Nilipomwuliza kijana ameifanya njia hiyo mara ngapi, alisema hata mara moja. "Nikirudi bila kutua, mjomba, safari inakuwa ya bure." Kwake ndege iligonga au ilitua. La tatu hakuliona.

Shauri tulilikata jioni. Kompyuta haiuzwi. Itawashwa saa mbili kwa siku, na fedha ya Luku ya saa hizo ataitafuta mwenyewe kwa kuwafundisha hesabu watoto wa jirani. Kuhusu kusomea urubani, nilimwambia ukweli kwamba ni elimu ya gharama kubwa. Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki ilifungua chuo cha marubani Soroti, Uganda, mwaka 1971, na baada ya Jumuiya kuvunjika mwaka 1977 kila nchi ikabaki kutafuta njia yake. Lakini wapo pia waongoza ndege, nao hufundishwa katika chuo cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga pale Dar es Salaam, na wapo wale wapimaji wanaochora michoro, kazi ambayo hakuna mtoto anayeiota kwa sababu hakuna anayeijua. Dada alisema yeye anataka kwanza aone matokeo ya kidato cha nne. Tukakubaliana wote.

Baada ya magharibi kijana aliwasha tena. Akaruka kutoka Dar es Salaam, akaja juu ya Morogoro kwa futi 11,000, akatazama chini. Pamba ile ile. Mkono wake ukaenda kwenye nguvu ya injini, ukakaa pale. Kisha akakata kulia, kaskazini, mbali na mlima, akarudi alikotoka. Njiani akaweka namba ya mkandamizo wa hewa akaisoma kwa sauti mara mbili. Akauchukua mhimili wa 05, kaskazi ikiwa puani. Futi 1,000, hakuna kitu. Futi 500, hakuna kitu. Futi 300, nikagundua kwamba nimeshika ukingo wa meza. Kidole chake kilikuwa tayari kwa kupaa. Kabla tu ya 200, taa zikatokea, mistari miwili meupe, katikati kabisa.

Dada alikuwa amesimama mlangoni na upawa mkononi.

"Mmefika?"

"Tumefika, mama. Dar es Salaam."

"Na hao abiria wa Morogoro?"

"Watapanda treni."

"Waambie wawahi," akasema, "ugali unapoa."